Shajara ya mradi: mzee, farasi na pangaboi

Tarehe 2 Machi

Haya, leo naanza rasmi, maana nimeisema hii kitu tangu mwaka jana mpaka watu wamechoka kunisikiliza. Nataka kuchonga kwenye mbao lile tukio la kwenye riwaya ya Cervantes, mzee Don Quixote anavamia vinu vya upepo, halafu niichape picha kwenye karatasi kwa mkono, kwa mbinu ileile iliyotumika kwenye picha za mchoraji Mfaransa Gustave Doré za mwaka 1863. Simkopi Doré mstari kwa mstari, huo uwezo sina na sitaki kujidanganya. Nachora ya kwangu, mbinu ndo iwe ya kwao.

Kwa ambaye kisa hakijui: mzee mmoja wa kijijini huko La Mancha, Hispania, kasoma vitabu vya mashujaa wapanda farasi usiku na mchana mpaka ubongo ukamkauka (kitabu chenyewe ndivyo kinavyosema, sio mimi), akavaa deraya (mavazi ya chuma ya vita) kuukuu za mababu zake, akampanda farasi wake aliyekonda Rocinante, akamvuta jirani yake Sancho Panza awe msaidizi, wakaingia barabarani. Sura ya 8 wanakuta vinu vya upepo thelathini au arobaini uwandani, mzee anaona majitu yenye mikono mirefu. Sancho anamwambia bwana wangu wale sio majitu, vile ni vinu. Wapi. Anajifunika ngao, anaelekeza mkuki, anamtimua farasi mbio zote mpaka kinu cha kwanza, na palepale upepo unageuza bawa, mkuki unakatika vipandevipande, bawa linamzoa yeye na farasi linawabwaga chini. Kwisha habari. Tukio ambalo hata asiyewahi kukishika kitabu analijua, na ukilitafuta ndani unakuta kurasa mbili tatu tu kwenye kitabu cha kama kurasa elfu moja! Cervantes katoa sehemu ya kwanza Madrid mwaka 1605, ya pili 1615, mwaka uliofuata akafariki.

Doré alikuwa na miaka 31 toleo lenye picha zake la wachapishaji Hachette wa Paris lilipotoka, juzuu mbili kubwa, tafsiri ya Kifaransa ya Louis Viardot. Alishaizunguka Hispania na mwandishi Charles Davillier kabla ya hapo, kwa hiyo zile ardhi kavu na mawingu yake hakuzitunga akiwa kitandani.

Kazi yangu ya mchana ni kudizaini mabango na kadi za harusi, kwa hiyo hii ni ya usiku na wikiendi. Msinikimbize.

Tarehe 5 Machi

Nimekaa na skani ya picha ya vinu saa nzima nikaikuza mpaka mwisho, na kuna kitu nimekiona ambacho kimenibadilishia mradi mzima kabla hata sijashika mbao.

Zile picha zina majina mawili. Kona moja Doré, kona nyingine Pisan. Héliodore Pisan ndo mchongaji. Watu wote tunasema "picha ya Doré", sawa, ila ukijua kazi yenyewe ilivyokwenda unaanza kujiuliza hivi kweli tunaangalia mkono wa nani.

Iko hivi. Zamani mchoraji alichora kwa kalamu juu ya mbao, kila mstari wake unaonekana, mchongaji kazi yake kuondoa mbao nyeupe iliyo katikati ya mistari na kuiacha mistari imesimama. Mchongaji hapo ni mtumwa wa mstari wa mwenzake. Doré hakufanya hivyo. Yeye alichukua brashi, akapaka juu ya kipande cha mbao wino uliochujuka kwa maji, kijivu juu ya kijivu, akaongeza rangi nyeupe kwenye mwanga, kama mtu anayechora picha ya kawaida ya rangi. Hakuna mstari hapo. Kuna kivuli, wingu, moshi. Sasa mashine ya kuchapa haijui kijivu, inajua nyeusi na nyeupe basi. Kwa hiyo Pisan anapewa kipande cha mbao chenye ukungu wa kijivu na yeye ndo aamue, hili wingu nalifanya kwa mistari ya kulala au ya kupinda, minene au myembamba, inakaribiana kiasi gani. Kila mstari unaouona pale, mstari wenyewe, ni uamuzi wa Pisan.

Na kibaya zaidi (au kizuri, sijui): akishachonga, mchoro wa Doré umekufa. Burini, kile chuma chembamba cha kuchongea, inaula. Ulikuwa juu ya mbao, mbao imechongwa, mchoro umegeuka vumbi. Ulivyokuwa kabla, hao wawili ndo waliuona.

Yaani mimi nilidhani naenda kujifunza kwa Doré, kumbe mwalimu wangu ni Pisan.

Tarehe 9 Machi

Mbao. Wao walitumia boksiwudi, mti mgumu wa rangi ya njano usiokua mnene, na hawakuuchonga kwa ubavu kama sisi tunavyochonga milango, waliukata kwa kichwa, duara duara kama slesi za tango, wakachonga juu ya ule uso wa slesi. Ukichonga kwa ubavu nyuzi za mbao zinakuvuta, mstari unakwenda unakotaka wenyewe. Ukichonga kichwa hakuna nyuzi za kukuvuta, chuma kinateleza kila upande sawasawa, ndo maana wanapata mistari myembamba kama unywele. Aliyeipa mbinu hii heshima ni Thomas Bewick wa Newcastle, Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1700, alichukua vyombo vya wachongaji wa shaba akavihamishia kwenye mbao.

Boksiwudi hapa Dar nitaitoa wapi. Ila tuna mpingo! Mgumu kuliko huo wao, mzito mpaka ukiutupa majini unazama, wenzetu wa ng'ambo wanautengenezea klarineti na obo. Nikaenda kwa mzee mmoja mchongaji, Mmakonde, amechonga tangu kabla sijazaliwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unataka kinyago gani?"

Nikamweleza nataka vipande vya mabaki tu, vikatwe kwa kichwa, viwe tambarare kama kioo. Akaniangalia. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaisogeza, akaisogeza tena mbali na macho, akauliza, "Sasa huyu mzee mwenzangu anagombana na pangaboi?"

Nimecheka mpaka nikakaa chini. Jina la mradi nimelipata hapohapo.

Akaniuzia vipande sita kwa bei ya kuelewana, kila kimoja sentimita 5 kwa 6. Vikubwa zaidi ya hapo akasema nisitarajie, magogo ya mpingo yana nyufa na matundu ndani, kipande kizima kisicho na dosari ni bahati. Hapo nikafurahi, maana shida hiyohiyo waliipata Paris. Boksiwudi ni nyembamba, picha ya ukurasa mzima haitoki kwenye kipande kimoja, kwa hiyo waliunganisha vipande vingi vikawa ubao mmoja. Hata mimi naunganisha: vitatu kwa viwili, sentimita 15 kwa 12.

Tarehe 10 Machi

Gundi, jiliwa, msasa. Msasa tena. Mkono unauma. Sina la kuongeza.

Tarehe 14 Machi

Vyombo. Burini za dukani sijaziona, kwa hiyo nimechukua tupa ndogo mbili za pembe nne, fundi wa kunoa akanikatia ncha kwa mshazari, mpini nimeuchonga mfupi wa mviringo kama uyoga ili ukae ndani ya kiganja. Unasukuma kwa kiganja, vidole vinaongoza tu. Halafu nimeshona kimfuko cha mchanga kwa mguu wa jinzi kuukuu, ubao unakaa juu yake, na siri ni kwamba mkono hautembei, unaouzungusha ni ubao. Mstari wa kupinda unapatikana kwa mkono wa kushoto kugeuza ubao chini ya chuma. Siku ya kwanza nilijiona kama najifunza kuendesha gari, mguu huu na mkono ule haviongei.

Mpingo unakula ncha vibaya sana, kila dakika kumi nanoa.

Ila una zawadi moja ambayo boksiwudi haina. Wachongaji wengi wa boksiwudi hupaka mbao yao rangi nyeusi ili waone walipochonga. Mpingo ni mweusi tayari! Nachonga, nasugua poda ya mtoto kwenye mikato, nafuta, mikato inabaki myeupe, na hapohapo naiona picha kama itakavyotoka, maana nilipochonga hapashiki wino, panatoka peupe. Unachora kwa mwanga juu ya giza. Tatizo ni penseli haionekani juu ya mpingo, kwa hiyo kwanza napaka rangi nyeupe nyepesi, nachora, nachonga mipaka, naifuta.

Tarehe 16 Machi

Jaribio kwenye kipande cha pembeni. Miraba sita ya kijivu kutoka giza kwenda mwanga. Nimefika mistari 8 kwa sentimita na kwangu ni rekodi, nikafungua skani ya Pisan kulinganisha, nikaifunga.

Tarehe 21 Machi

Nimefanya kosa ambalo kila mtu aliniambia nisifanye.

Nilichonga kasehemu kadogo ka majaribio, mzee juu ya farasi na mkuki tu, nikapaka wino kwa rola, nikaweka karatasi, nikasugua kwa mgongo wa kijiko, nikainua taratibu kama mtu anayefunua chungu cha pilau, na nikamkuta Don Quixote kashika mkuki kwa mkono wa kushoto na ngao iko kulia. Sikuugeuza mchoro. Picha ya kuchapa inatoka kinyume kama kioo, na mimi ninayechapisha fulana kila wiki nimesahau.

Nilikasirika kama nusu saa hivi. Halafu nikakumbuka Cervantes mwenyewe. Mwaka 1571 alipigana vita vya baharini vya Lepanto, akapigwa risasi, mkono wa kushoto ukapooza moja kwa moja, Wahispania mpaka leo wanamwita kilema wa Lepanto. Miaka minne baadaye akiwa njiani kurudi kwao maharamia wakamkamata, akakaa mateka Algiers miaka mitano mpaka akakombolewa 1580. Sasa mimi kwa uzembe nimempa mzee wake mkuki kwenye mkono uleule ambao mwandishi aliupoteza. Karatasi hiyo nimeibandika ukutani, sitaitupa. Ila kwenye ubao mkubwa nageuza, nimeandika KINYUME kwa maka juu ya meza.

Tarehe 28 Machi

Umeme ulikatika tangu saa moja, mvua inanyesha kama imetumwa, kazi hamna, basi nisogoe.

Kuna kitu kwenye hiki kitabu wasomaji wa Kiswahili tungekipenda sana na hakisemwi. Sura ya 8, ileile ya vinu, inaishia mzee amenyanyua upanga kwenye ugomvi mwingine kabisa na mwandishi anakatiza, anasema hadithi niliyonayo imeishia hapo! Sura ya 9 msimulizi yuko sokoni Toledo, anamkuta kijana anauza makaratasi chakavu, ananunua daftari, limeandikwa Kiarabu. Anamtafuta mtu wa ukoo wa Waislamu wa hukohuko anayejua Kihispania amsomee, na kumbe ndo historia ya Don Quixote, imeandikwa na mwanahistoria Mwarabu anayeitwa Cide Hamete Benengeli. Hiyo Cide ni Sidi, bwana wangu, tunaijua. Mtafsiri analipwa zabibu kavu na ngano, anamaliza kwa mwezi mmoja na nusu hivi. (Wateja wangu wa kadi, msipate mawazo.) Ni utani wa Cervantes bila shaka, mwandishi huyo hakuwepo, lakini angalia utani ulivyokaa: kitabu kikubwa kuliko vyote vya Hispania kinajidai kuwa ni tafsiri kutoka Kiarabu. Na kwenye sehemu ya pili Sancho hawezi kulitamka hilo jina, anasema Cide Hamete Berenjena. Berenjena ni biringani. Na hilo neno lao na hili letu ni ndugu, yote yametoka kulekule kwa Waarabu na Waajemi, ukisoma unacheka bila kuhitaji mkalimani.

Umeme umerudi. Nanoa.

Tarehe 4 Aprili

Mnyama huyu. Farasi nimemaliza kichwa, kifua, mguu wa mbele, nikawa najisifu moyoni, chuma kikateleza. Mkato mmoja mrefu mweupe kutoka shingoni mpaka katikati ya anga. Kwenye mbao hakuna kurudi nyuma, sio kompyuta.

Nikaubeba ubao kwenye gazeti mpaka kwa mzee. Akauangalia akasema kitu ambacho baadaye nilikikuta kwamba ndivyo walivyofanya hata zamani: toboa tundu palipoharibika, pigilia kijiti cha mbao ileile, sawazisha, chonga upya. Alifanya kwa robo saa kwenye sehemu mbili za shingo zilizoumia zaidi. Mkato wa angani aliuacha. "Huo ufanye upepo," akasema.

Nimeufanya upepo. Nimeongeza mingine mitatu kando yake.

Tarehe 11 Aprili

Anga. Nilidhani kazi ngumu itakuwa mzee na deraya zake, au mbao za mabawa. Hapana. Deraya ni rahisi, chuma kinang'aa, unachonga mng'ao mmoja mweupe, jicho linamaliza lenyewe. Anga ndo kifo. Anga haina kitu, ni mistari sambamba tu, na ukikosea mmoja kwa upana wa unywele unaonekana kama mkunjo kwenye shuka. Nimechonga mistari kama sabini wiki hii na thelathini hivi naionea aibu.

Ila hapa ndo nimemwelewa Pisan. Kwenye picha ya vinu bawa limemzoa mzee na farasi wake, farasi miguu juu, na unahisi kabisa linazunguka ingawa picha imesimama. Nilikuwa nautafuta huo mwendo kwenye bawa. Haupo kwenye bawa tu, upo pia kwenye mistari ya nyuma yake, inakwenda upande mmoja halafu inapishana na ya bawa. Ukifunika anga kwa kidole bawa linasimama. Doré alipaka kijivu, sawa, na wazo la kumninginiza farasi hewani ni la kwake, hilo simnyang'anyi. Ila upepo kauleta mchongaji.

Na hapo ujue karatasi zilizochapwa hazikutoka hata kwenye mbao yenyewe. Kazi ya nakala nyingi ingeiua mbao, kwa hiyo ubao uliochongwa unachukuliwa alama yake kwa nta, alama inazamishwa kwenye beseni la dawa yenye umeme, shaba inaota juu yake taratibu, na hiyo ngozi ya shaba inatiwa mgongo wa risasi ndo inaingia mashineni. Inapanda mpaka kimo cha herufi za risasi, karibu milimita 23 na nusu, picha na maneno vinapigwa wino pamoja kwa mara moja. Picha za kuchonga kwenye shaba kama za toleo la mchapishaji Ibarra, Madrid 1780, hazikuweza hilo, zile wino unakaa ndani ya mfereji, zinahitaji mashine yake peke yake. Ndo maana mbao ilishinda kwenye vitabu karne ile. Bei.

Mimi ni kijiko tu. Nakala ishirini, mbao haitahisi.

Tarehe 19 Aprili

Jaribio la kwanza la ubao mzima. Wino mwingi, mistari ya anga imezibwa yote, nimepata picha ya usiku wa manane. Jaribio la pili wino kidogo, kijiko hakikufika pembeni, kinu kimekatwa nusu. La tatu, la nne nimeharibu karatasi nzuri. La tano nikakaa kimya.

Mkuki uko kulia. Ngao kushoto. Farasi kakonda inavyotakiwa. Bawa linashuka. Ila mvua za masika zimeingia kwenye gundi, mbao imevimba halafu ikanywea, na pale vipande viwili vya juu vinapokutana pamefunguka ufa mwembamba, umetoka mstari mweupe ulionyooka kutoka juu mpaka bawani, katikati kabisa ya anga yangu ya wiki mbili. Picha za zamani nazo zinao ukizichungulia vizuri, kamstari keupe kasikokuwa na sababu, ni vipande viliachana. Najifariji nao. Jumatatu nabana jiliwa tena nione.

Nikampelekea mzee nakala. Aliishika kwa ncha za vidole, hakuongea muda, akafuata ufa kwa ukucha mpaka chini, akafika kwenye kona ambayo ni nyeusi tii, haina kitu.

"Na yule mnene mwenye punda?"

Kipande cha sita sijakigusa, mzee. Kisichochongwa kinatoka cheusi. Sancho bado yumo humo ndani.

"Basi usimharakishe," akasema, akairudisha karatasi, akaendelea na kinyago chake. Nilivyofika nyumbani nimekipaka nyeupe hicho kipande, kimekauka. Mchoro upo tayari, umegeuzwa, nimehakikisha mara tatu mbele ya kioo cha bafuni.